Shemeji na Ngoma ya Inchi Kumi na Sita

Shemeji yangu, dada mkubwa wa mke wangu, amepiga dramu katika bendi moja kwa miaka ishirini na sita, na kwa miaka yote hiyo hakuna mwanamume hata mmoja wa bendi ile aliyewahi kumshikia mlango akipita na ngoma. Naanza na hilo msije mkaniona mtu wa shari. Mimi ni fundi wa mageti, nina mdomo, nakubali. Mke wangu husema mdomo wangu ungefaa kutiwa mojawapo ya komeo ninazotengeneza. Lakini yapo mambo ukiyaona damu inachemka yenyewe, hata uwe mpole kiasi gani, na mimi sijawahi kuwa mpole.

Bendi yao ilikuwa na sheria moja: kila mtu anabeba chombo chake. Aliyeiweka ni kiongozi wao, mpiga kinanda, ambaye wote wanamwita Mwalimu ingawa hajawahi kumfundisha mtu chochote. Ukiisikia haraka haraka utasema ni sheria ya haki. Mpiga tarumbeta anaitia tarumbeta kwenye kikoba. Mpiga gitaa anaweka gitaa mgongoni, anapanda ngazi huku anapiga mluzi. Mwalimu ananing'iniza kinanda begani. Sasa mtazame shemeji: ana ngoma ya mguu, ile pana inayolala ubavu na kupigwa kwa pedali, inchi ishirini na mbili kutoka ukingo hadi ukingo, ana ngoma ya pembeni yenye miguu mitatu, ana ngoma ndogo, matoazi, na furushi la vyuma vya kuvisimamisha vyote hivyo. Ukumbi uko ghorofa ya tatu. Alikuwa anapanda na kushuka mara nne kabla wenzake hawajamaliza soda, kisha Mwalimu anaangalia saa na kuuliza kwa nini wanamsubiri yeye kila siku.

Alianza akiwa na miaka kumi na tisa. Kazi yake wakati huo ilikuwa kupanga viti katika ukumbi huohuo, na akishavipanga alikuwa anavipiga kwa viganja, kiti hiki na kile, akifuata bendi ikifanya mazoezi. Siku moja mpiga dramu wao hakutokea. Mtu mmoja kwa mzaha akamwambia, "Haya, binti wa viti, kaa hapo basi." Akakaa. Hajaondoka mpaka mwaka huu. Mchana anafanya kazi katika kiwanda cha maboksi, anakagua mikunjo, na wenzake wa kiwandani wanasema akikaa mezani kisigino chake hakitulii. Amezaa, amelea, ameozesha binti yake wa pekee, amemzika mume, na Jumamosi baada ya Jumamosi alikuwa pale pale nyuma ya bendi ambako watu hawamwoni, ila bila yeye hakuna anayecheza.

Mwezi wa pili aliteleza kwenye ngazi, ngoma kubwa ikiwa kifuani. Mimi sikuwepo. Nilisimuliwa na mlinzi wa jengo, ambaye hana sababu ya kunidanganya. Ngoma ilibingirika hadi chini, shemeji akabaki amekaa vibaya, mguu mmoja umekunjika chini yake. Wanaume wanne wakashuka mbio. Wakakimbilia ngoma. Wakaigeuza, wakaigonga gonga, wakahakikisha haijapasuka, ndipo mmoja wao, mpiga gitaa la besi wanayemwita Mrefu, akageuka na kuuliza, "We vipi, umeumia?" Mlinzi aliponieleza hayo nilikuwa nimeshika nyundo, nikaiweka chini kwa usalama wa watu wote.

Nyonga ilikuwa imepata ufa. Alikaa na magongo wiki saba. Daktari akamwambia waziwazi kwamba atatembea, atafanya kazi, atapiga hata hizo ngoma zake akitaka, lakini asinyanyue tena kitu kinachozidi kilo kumi, si mwaka huu wala mwaka kesho. Ngoma kubwa ilikuwa kilo kumi na nne. Mwalimu alikuja kumwona mara moja tu, na machungwa sita, akala manne. Akamwambia kwa sauti ya kumbembeleza mtoto, "Usiwe na wasiwasi kabisa. Humu ndani ya kinanda kuna ngoma za kila aina, nabonyeza tu. Wewe pumzika."

Shemeji alipumzika akiwa amekunja uso wiki zote saba. Alipoweka magongo pembeni akaenda kumwona Mwalimu, na mke wangu akaenda naye, kwa hiyo maneno yaliyosemwa nayajua. Shemeji alisema, "Nimepona. Nataka kurudi kwenye kiti changu. Ninachoomba ni mtu mmoja tu wa kunisaidia ngoma ya mguu kwenye ngazi." Mwalimu akasema sheria ni sheria, akianza na mmoja kesho kila mtu atataka mbebaji. Shemeji akauliza, "Hata mtu mwenye nyonga mbovu?" Mwalimu akajibu kwamba hapo ndipo mtu mwenyewe anatakiwa ajipime.

Mke wangu anasema dada yake aliiangalia mikono ya Mwalimu. Kisha akasema, "Na nikija na ngoma ninayoweza kuibeba mwenyewe?"

Mwalimu hakutegemea hilo. Tena alikuwa na shida yake ambayo hakutaka kuitaja: zile ngoma za kubonyeza hazikuwa na uhai. Watu walikuwa wanakuja, wanacheza wimbo mmoja, wanarudi kukaa. Kwa hiyo akasema sawa, Jumamosi, saa nne asubuhi, mazoezini. Ikilia kama ngoma ya mguu, abaki. Ikilia kama debe, waachane kwa heri. Hiyo ilikuwa Jumapili.

Jioni ile ile shemeji aliiondoa miguu ya ngoma ya pembeni, ile ya inchi kumi na sita, akailaza ubavu kwenye zulia la sebuleni na kuikinga na viatu viwili isibingirike. Akaibana pedali kwenye ukingo wake. Akakanyaga. Ikalia kama sufuria iliyogongwa kwa kijiko. Akakaza ngozi, akalegeza ngozi, akatia shuka ndani, ikawa sufuria yenye shuka. Niliwakuta hapo nilipokwenda kumchukua mke wangu, dada mtu amekaa kwenye stuli, mdogo mtu yuko sakafuni, wote wamenuna.

"Shida ni nini?" nikauliza.

"Shida ni kimo," akasema shemeji. Akanionyesha kwa kidole. Pedali ina kinyundo chenye kichwa cha manyoya kilichobanwa juu ya kijiti. Ukikanyaga, kinyundo kinainuka na kupiga ngozi. Pedali imetengenezwa kwa ajili ya ngoma kubwa, kwa hiyo kinyundo kinapiga juu, pale katikati ya ngoma kubwa ilipo. Katikati ya ngoma ndogo iko chini zaidi. Kinyundo kilikuwa kinagonga juu mno, kuelekea ukingoni, na kule hakuna mlio wa maana. "Nikifupisha kijiti, kinakosa nguvu. Inatakiwa ngoma ndiyo ipande, kinyundo kiikute katikati."

"Si uiweke juu ya matofali?"

Mke wangu akaniambia matofali yameshajaribiwa, yako uani. Ngoma ilipanda vizuri, ila pedali ilibaki sakafuni haina cha kung'ata, na kila ikikanyagwa inateleza na kukimbia. Nikaelewa mara moja. Hiyo ni kazi ya chuma. Ngoma ilale kwenye kitanda cha chuma kinachoiinua, na mbele ya kitanda, chini kabisa, utoke ulimi wa bati nene ambao pedali itauuma badala ya kuuma ukingo. Nikachukua futi yangu, nikapiga goti kwenye zulia.

"Kipime kinyundo kikiwa kinagusa ngozi," akasema shemeji.

"Niachie mimi," nikasema.

Nikapima kutoka sakafuni hadi kichwani kwa kinyundo. Inchi tisa. Katikati ya ngoma inchi nane. Nikaandika kwenye kiganja: panda inchi moja. Mke wangu akauliza kama inchi moja inatosha kweli, nikamwambia nimepima mageti tangu hajajua kunipikia chai. Akasema hajajua mpaka leo, mwenye mdomo ajipikie chai mwenyewe. Tukaondoka tunacheka.

Kazi ilinichukua siku tatu kwa sababu nilikuwa na mageti ya watu, na kwa sababu niliifanya kwa hasira. Kila nikichomelea nilimwona Mwalimu anakula machungwa. Nilitumia chuma cha pembe, kile kile cha fremu za mageti, nikaunga pembe zote, nikasaga, nikapiga rangi nyeusi mara mbili juu ya nyekundu. Alhamisi mchana nikampelekea kiwandani wakati wa mapumziko. Mlinzi wa kiwanda aliniuliza kama naleta injini.

Shemeji alikipenda kwa macho, nilimwona. Akapitisha kidole kwenye maungio. Kisha akainama kukinyanyua, akakinyanyua nusu, akakirudisha.

"Kina kilo ngapi?"

Sikuwa nimepima. Pale kiwandani wana mizani ya maboksi, tukakiweka. Kilo nane na nusu. Ngoma yenyewe kilo nne, na pamoja zinapita kilo kumi za daktari.

"Shemeji," akasema, "umenitengenezea geti."

Wanawake wa mikunjo wakacheka, na mimi nikacheka, ingawa masikio yalikuwa ya moto. Nikamwambia uzito ndio uimara, ngoma haitatikisika hata jengo likianguka. Akasema hebu tuone kwanza kama inafanya kazi. Ngoma na pedali alikuja nazo asubuhi, ziko pale stoo. Tukailaza kwenye kitanda, tukabana pedali kwenye ulimi, akakaa juu ya boksi la karatasi, akakanyaga.

Ilikuwa nafuu kuliko sufuria. Hiyo ndiyo sifa pekee ninayoweza kuitoa.

"Bado inapiga juu," akasema.

"Haiwezekani."

"Inapiga juu, shemeji. Naisikia."

Hapa nitasema nilichosema, hata kama naona aibu. Nilimwambia kusikia ni kusikia na kupima ni kupima. Nilimwambia yeye ni mpiga ngoma na mimi ndiye fundi, na kama kila mteja angekuwa anasikia geti lake badala ya kulipima, mji mzima ungekuwa unalala milango wazi. Nilisema kwa sauti. Wale wanawake wakaacha kucheka.

Shemeji aliinuka kwenye boksi. Alikwenda kwenye ubao wa hesabu za maboksi akachukua chaki, akaisugua kwenye kichwa cha kinyundo mpaka manyoya yakawa meupe. Akachora msalaba wa penseli katikati ya ngozi. Akakanyaga mara moja tu, akainuka, akanipisha nione. Doa jeupe lilikuwa juu ya msalaba. Nikaweka futi. Inchi mbili kamili.

Nikakaa mimi kwenye boksi na mabuti yangu, nikakanyaga taratibu, nikakitazama kinyundo kikipanda. Kikiwa kimetulia kinalala nyuma, kichwa kiko chini. Kikienda kupiga kinasimama wima, na kikisimama kinakuwa kirefu zaidi. Inchi tisa ni kimo cha kinyundo kilicholala. Kinachopiga ni inchi kumi na moja. Nilikuwa nimepima mlango ukiwa wazi. Mwanafunzi wa wiki ya kwanza pale karakanani kwangu akifanya hivyo namfukuza mpaka kesho.

"Nilikwambia Jumapili," akasema shemeji. "Ukiwa umepiga goti hapo. Nikasema kipime kinyundo kikiwa kinagusa ngozi."

"Nilisikia vibaya."

"Hukusikia vibaya. Hukunisikiliza." Alisema hivyo bila kupandisha sauti, huku anafuta chaki mikononi. "Unamkasirikia Mwalimu kwa ajili yangu wiki nzima, nashukuru. Lakini nikikwambia kitu kuhusu ngoma yangu, unaniambia niachie. Sasa kengele imelia. Kesho ni Ijumaa."

Nimetukanwa na wateja, nimetukanwa na askari, na mama yangu alikuwa fundi wa kutukana. Hakuna lililoniingia kama hilo. Nilikibeba kile kitanda begani hadi karakanani nikiwa nimejikasirikia kiasi kwamba watu walinipisha njia.

Ijumaa alitoka kiwandani mapema akaja kwangu. Sikumwambia niachie. Nilimpa stuli, nikakaa sakafuni na futi, nikamuuliza kila kitu. Kitanda kiwe na upana gani? Ulimi uwe mnene kiasi gani, meno ya pedali yaushike bila kuyumba? Ngoma iegemee mbele kidogo au isimame sawa? Yeye alikanyaga na kushikilia kinyundo kikiwa kimebana ngozi, na mimi nikapima pale pale kilipobana. Inchi tatu. Tuliacha chuma cha pembe, tukatumia chuma bapa chembamba, mapande mawili yaliyopindwa kufuata mviringo wa ngoma, na mipira ya bomba chini isiteleze. Kila nilipounga kipande alikuwa anapaka chaki na kupiga. Doa likashuka. Nikasaga, nikaunga tena, likashuka tena. Mke wangu akaja na mto mdogo aliokuwa ameushona, wa kutia ndani ya ngoma, akakaa nasi. Saa kumi na mbili kasoro doa jeupe lilikaa juu ya msalaba wa penseli na kuufunika wote.

Shemeji akafuta chaki na kupiga kwa nguvu zake zote.

Sauti ile sikuisikia kwa masikio. Niliisikia hapa, chini ya mbavu. Makopo ya rangi yalitikisika rafuni. Jirani yangu muuza vioo akatoka nje kuangalia barabarani. Shemeji alipiga tena, na tena, akaanza kutabasamu, tabasamu la mtu anayejua amemkamata mtu. Kitanda kipya kilikuwa na kilo mbili na robo.

Jumamosi nilikwenda naye, lakini alinikataza kugusa chochote. "Wakikuona umebeba hata skrubu, watasema siwezi." Kwa hiyo nilipanda ngazi tatu nyuma yake mikono mitupu, nikimtazama akiweka mguu mzuri kwanza, kisha mbovu, ngoma kwenye mkoba aliouvaa mgongoni. Alishuka, akachukua kitanda na pedali, akapanda. Alishuka tena. Mpiga tarumbeta alitupita akipiga mluzi. Namshukuru Mungu nilikuwa nimeahidi kutogusa kitu.

Ukumbini viti vilikuwa vimepangwa pembeni, madirisha wazi. Mwalimu alikuwa nyuma ya kinanda chake. Alipoiona ngoma akacheka kwa pua. "Ndiyo hii? Mtoto wake?" Wapiga magitaa wakacheka kidogo, kwa adabu ya kumchekea mkubwa. Mrefu hakucheka wala hakusema. Alikuwa amekaa pale anapokaa siku zote, mkono wa kulia wa shemeji, kwa sababu gitaa la besi na ngoma ya mguu huenda pamoja. Miaka kumi na minane wamekaa hivyo, na wiki zote hizi za ugonjwa hakuwahi hata kumpigia simu.

Shemeji alibana pedali kwenye ulimi, akakaa, akapiga mara moja.

Hakuna aliyecheka tena. Mwalimu akainuka. Akaja akainama, akaangalia kitanda, akaangalia kinyundo, akarudi. Akachukua kipaza sauti akakisimamisha mbele ya ngoma, akisema, "Ngoja tuisikie vizuri." Mimi niliona ni dalili njema, na shemeji pia aliona hivyo, maana alikaa vizuri zaidi. Mwalimu akamwomba apige peke yake, taratibu. Apige haraka. Apige mwendo wa ule wimbo wa kufungulia, na wa ule wa kufungia. Alipiga robo saa nzima. Nilimtazama Mrefu, kidole chake kilikuwa kinatembea juu ya nyuzi bila kuzigusa. Ilikuwa nzuri, jamani. Mlinzi alipanda kutoka chini akasimama mlangoni na kofia mkononi.

Mwalimu akasema, "Inatosha. Ahsante sana."

Kisha akabonyeza kinanda, na ngoma ya shemeji ikalia kutoka kwenye spika.

Kumbe kipaza sauti kilikuwa kinairekodi ndani ya kinanda; ilikuwa ile ile. Ile tuliyoitafuta kwa chaki mpaka jioni. Ikapiga mwendo wa kufungulia, shemeji akiwa amekaa, miguu yake imetulia. Mwalimu akatabasamu akatutazama sote. "Mnaona? Hii ndiyo ilikuwa inakosekana humu. Sasa hata akiwa nyumbani yuko na sisi. Dada, umetusaidia sana. Kapumzishe nyonga."

Nilikuwa nimeshafika katikati ya ukumbi sijui nimefikaje. Shemeji akaniambia, "Rudi ukae," bila kunitazama, nikarudi. Yeye akainuka. Akatembea mpaka mbele ya kinanda kwa mwendo wake mpya wa kuchechemea.

"Futa," akasema.

"Dada, hii ni sauti tu. Sauti haina mwenyewe."

"Ni mguu wangu huo. Futa."

"Usilete hasira kwenye kazi."

"Kitufe ni kipi?" akauliza. Shemeji akanyoosha kidole akabonyeza cha kwanza alichokiona. Kinanda kikatoa mlio wa filimbi. Akabonyeza cha pili, zikatoka kengele. Akabonyeza cha tatu na cha nne, kwa utulivu, kama anavyokagua maboksi yake, moja baada ya jingine, na kioo kidogo cha kinanda kikaanza kuandika maneno na kuyafuta. Mwalimu akamshika mkono. Shemeji akautazama mkono wa Mwalimu mpaka akamwachia.

"Utaniharibia kila kitu," Mwalimu akasema. "Nyimbo zangu zote zimo humu."

"Basi futa ngoma yangu kabla sijafika kwenye nyimbo zako."

Mwalimu akafuta. Shemeji akamwambia apige tusikie. Akapiga, ikatoka ile ngoma ya zamani, ile mfu. Hapo ndipo shemeji alipogeuka kuwatazama wengine, mmoja mmoja, magitaa, tarumbeta, Mrefu. Aliwapa nafasi ya kutosha. Kila mmoja alikuwa na uzi wa kukaza au mate ya kufuta kwenye tarumbeta. Akaenda akalegeza pedali.

Alishusha vitu vyake kama alivyovipandisha, safari baada ya safari, na mimi nyuma yake nikimtukana Mwalimu kwa sauti ili ukumbi mzima usikie. Safari ya mwisho, na ngoma mgongoni, mguu ulimgomea kati ya ghorofa ya pili na ya kwanza. Akakaa kwenye ngazi. Akaivua ngoma akaipakata. Alikuwa analia, na machozi yalimkasirisha zaidi, anayafuta kwa ngumi.

"Nitapiga wapi sasa, shemeji?" akasema. "Ngoma peke yake haipigiwi mtu sebuleni. Nataka watu wa kupiga nao. Sikutaka kingine chochote."

Nilikaa ngazi ya chini yake, mikono mitupu kama nilivyoamriwa.

Tukasikia viatu. Mrefu alikuwa anashuka, gitaa mgongoni, waya wake mkononi haujakunjwa vizuri, kama mtu aliyeuchomoa kwa haraka. Alipotufikia akasimama. Kimo chote kile hakikumsaidia.

"Ulinyamaza," shemeji akamwambia.

"Nilinyamaza."

"Siku niliyoanguka, wiki zote zile, na leo."

"Ndiyo."

"Mwalimu atatafuta mtu wa nafasi yako kabla ya chakula cha mchana."

"Ameshasema hivyo."

Shemeji akamtazama, hasira haijapungua hata kidogo, nilikuwa karibu naye niliiona. Akashika chuma cha pembeni mwa ngazi, akasimama mwenyewe, akavaa ngoma. Tukaanza kushuka wote watatu polepole, mguu mzuri kwanza. Hakumsemesha Mrefu mpaka ghorofa ya kwanza. Hapo akamwambia, bila kugeuka, kwamba uzi wake wa tatu umelegea tangu asubuhi, aukaze kabla ya Jumanne, kwani mazoezi yatakuwa karakanani kwangu, na asije akiwa amechelewa.